Mstari wa BAKI katika Lugha ya Ruzizi

Siku mliponiaga mlinipa kitenge, mkaniimbia, mkanipigia makofi, kisha mmoja wenu, mdomo ukiwa bado na keki, akaniuliza kwa nini programu zetu zote, hata hizi mpya, zinafunga masharti yake kwa neno BAKI wakati maneno mengine yote ni ya Kifaransa. Nilimwambia ni hadithi ndefu. Alionekana kufurahi, akarudi kwenye keki. Sasa nimestaafu, nina kiti kizuri barazani na goti linalonikataza kupanda hadi shambani kwetu Miti kila nikitaka, kwa hiyo hadithi ndefu imepata nafasi yake. Vyeo nitaviruka, maana kila kimoja kilinikuta nikifanya tayari kazi yake. Mishahara ya Zaïre nayo, wazazi wenu watawasimulia vizuri zaidi yangu.

Niliingia Depo nikiwa nimetoka chuoni na diploma ya hesabu na viatu vipya. Kwa mliokuja baada ya sisi kuhamia jengo la sasa, Depo ilikuwa ghala la dawa kule Muhumba, upande wa ziwa, na kazi yake ilikuwa ileile ya leo: kugawa dawa kwa vituo vya afya na posti za vijijini, kutoka Kavumu hadi Kamanyola kwenye tambarare ya Ruzizi. Nyuma ya ghala kulikuwa na chumba kimoja chenye mapazia mazito na baridi ya kutengenezwa. Ndani yake ilikaa mashine iliyotoka Ulaya kwa meli, kwa treni na kwa lori, ikatufikia na kona moja imebonyea. Simu zenu za leo zinaishinda kwa kila kitu isipokuwa uzito.

Mlangoni alisimama Papa Bisimwa, mkuu wa chumba hicho, mtu mrefu mwenye suti ya abakosti ya kijivu isiyo na tai, penseli mfukoni, na soksi bila viatu.

“Vua viatu, Citoyenne Nabintu,” aliniambia. “Mavumbi ya Bukavu inaua mashine mbiyo kuliko myaka.”

Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi, na soksi moja yenye tundu kidoleni. Papa Bisimwa aliliona, akageuka kuangalia pazia. Nilimpenda tangu siku ile, na nilimpenda hata zile siku nilizotaka kumrushia rula.

Rula hiyo ndiyo iliyokuwa chombo changu cha kwanza. Kwa wiki nyingi sikuruhusiwa kuigusa mashine. Nilipewa penseli, kifutio, na rula ya plastiki yenye matundu ya maumbo: mstatili kwa kazi ya kufanya, duara kwa mwanzo na mwisho, na losanji, ule mraba uliosimama kwa kona yake, kwa ajili ya swali. Tulichora kila programu kwenye karatasi kabla ya kuiandika. Kila losanji ilitoa mishale miwili, huku kama jibu ni ndiyo, kule kama ni hapana. Nilipochora losanji yenye mshale mmoja tu, Papa Bisimwa alinirudishia karatasi.

“Losanji ya mulango moja iko gereza,” alisema. “Mutu aliingia hapa na jibu ya hapana. Atatokea wapi?”

Nilifuta, nikachora upya. Kifutio changu cha kwanza kiliisha kabla diploma yangu haijapata fremu nyumbani.

Baadaye alinifundisha lugha yake. Aliitunga mwenyewe, kwa sababu lugha iliyokuja na mashine ilikuwa nzito, na mashine haikuwa na kumbukumbu ya kuibeba pamoja na kazi zetu. Aliiita Ruzizi. Mto ule unatoka ziwani na kushuka, haurudi nyuma, na programu zake zilikuwa hivyohivyo: mstari wa juu, unaofuata, unaofuata, mpaka chini. Maneno yalikuwa machache, ya Kifaransa, ili hata wagawaji wa dawa kule ghalani waweze kuyasoma na kuandika masharti yao. Kubwa kuliko yote lilikuwa SI, yaani “kama”, likifuatwa na ALORS, “basi”. Programu ya ugavi, ile iliyoamua kila mwezi nani apate kwinini kiasi gani, ilikuwa na kiini hiki:

SI ZONE = 1 ALORS PEU
SI ZONE = 2 ALORS MOYEN
SI ZONE = 3 ALORS BEAUCOUP

Moja ni milimani, kwenye baridi, ambako mbu ni wachache. Mbili ni kando ya ziwa. Tatu ni tambarare, ambako malaria haipumziki. Kidogo, wastani, nyingi. Neno SINON, “la sivyo”, lilikuwepo katika lugha lakini halikuwa lazima, na Papa Bisimwa alilitumia kwa nadra kwa sababu kila neno lilikula nafasi. Kwenye karatasi alidai milango miwili kwa kila swali. Ndani ya mashine alitosheka na mmoja. Nililiona hilo mapema, nikadhani ni jambo la wakubwa ambalo ningelielewa nikikomaa. Nimekomaa sana sasa, na bado silielewi.

Ng’ambo ya ukuta wetu kulikuwa na phonie, redio ya kuongea na vijiji, na mwenye phonie alikuwa Maman Mapendo, aliyefundisha jiografia kwenye sekondari kabla ya kuja Depo. Kila asubuhi aliita vituo kimoja baada ya kingine kwa orodha, akipokea salamu, vizazi, vifo na maombi ya sabuni. Akimaliza orodha, hakuzima. Alisema maneno yaleyale kila siku: “Bale sikuita, museme sasa.” Kisha aliinua mkono, na chumbani hakuna aliyethubutu kukohoa huku redio ikivuma tupu. Mara nyingi hapakuwa na mtu. Mara mojamoja ilitokea sauti: posti iliyofunguliwa juzi na mapadri, mtawa aliyehama na redio yake, mtu aliyeazima kipaza sauti cha jirani. Desturi hiyo ilianzishwa na Papa Bisimwa mwenyewe, kabla ya mashine, enzi zile yeye ndiye aliyekuwa mtu wa phonie. Naomba mlikumbuke hilo.

Dereva wa njia ya Kamanyola alikuwa Papa Zihindula, mtu aliyeleta habari nyingi kuliko redio. Siku moja, akinywa chai yetu kwa kikombe changu, alitusimulia kwamba watu wa Ngomo, kule kwenye miteremko mikali kabla ya kushuka tambarare, wamekuwa wasafi ajabu.

“Ile poste yao ya mupya, bamefagia mpaka barabara,” alisema. “Mawe yote ya kando bamepaka chokaa. Ukipita, unafikiri Gouverneur anakuya.”

Tulicheka. Ilikuwa miaka ya salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mitaa kila wiki, na wengi wetu mjini tulifagia kwa shingo upande. Tuliwasifu watu wa Ngomo, tukamaliza chai.

Muda fulani baada ya hapo nilikuwa chumba cha phonie asubuhi, nimekwenda kuhakiki majina ya vituo. Maman Mapendo alimaliza orodha, akasema maneno yake, akainua mkono. Redio ilivuma. Kisha ikatoka sauti ya mwanamume, ya upole, kama ya mtu aliyesimama mlangoni akisita kuingia.

“Hapa iko Byamungu, infirmier, mwenye kutunza bagonjwa ku poste ya Ngomo. Bananikopesha phonie hapa Kamanyola. Siko na malalamiko, Maman. Nauliza tu kama tulikosa nini.”

Maman Mapendo alinitazama, akarudi kwenye kipaza sauti. “Mulikosa namna gani, Papa?”

“Dawa haifikake. Camion inapita, inatuacha. Chauffeur anaonesha karatasi ya mashine, jina yetu haiko. Nikaambia batu, bakubwa balikata, tuvumilie. Tukafagia. Tukapaka mawe chokaa, ili camion ione tuko batu ba mupango. Ikapita tena. Alors nilitaka nijue kosa yetu iko gani, tutengeneze.”

“Kwinini iko?”

“Ilikwisha zamani. Bamama banashuka na batoto mugongoni mpaka hapa Kamanyola.” Redio ilikwaruza kidogo. “Kuna batoto benye habafike.”

“Ngoya hapo, Papa Byamungu,” alisema Maman Mapendo. “Usitoke kwa phonie.”

Alizungumza kwa sauti yake ya darasani, lakini mkono aliouinua ulikuwa bado juu, amesahau kuushusha.

Nilirudi chumbani kwetu nikikimbia, kitu ambacho mtu wa soksi kwenye sakafu iliyopigwa nta hapaswi kufanya. Haikuchukua muda kuona kilichotokea. Daktari mratibu, aliyekuwa mtu makini, aliona kwamba Ngomo si mlima wa baridi, si kando ya ziwa wala si tambarare, akaipa zoni mpya: 4. Alikuwa na haki. Mashine ilipofika kwenye jina la Ngomo iliuliza: ni moja? Hapana. Ni mbili? Hapana. Ni tatu? Hapana. Ikashuka chini kwa utulivu wa mto, ikaendelea na jina lililofuata. Haikulalamika wala haikuandika kosa. Karatasi ilitoka safi, na sisi tulipenda karatasi safi.

Hapo mnapaswa kuzielewa nyakati zile. Kule Ngomo, na hata kwa dereva wetu, karatasi iliyochapwa kwa herufi kubwa na kutoka Bukavu ilikuwa uamuzi, na uamuzi wa wakubwa hauulizwi. Unatafuta kosa lako, unajirekebisha, unangoja kuonekana. Kwetu Depo, posti isiyolalamika ilikuwa posti yenye akiba. Wao walinyamaza kwa heshima na sisi tukaupokea unyamavu wao kama habari njema. Na katikati ya pande hizo mbili kulikuwa na watoto wenye homa, wakishushwa mteremko ule migongoni.

Gari dogo liliondoka na kwinini kabla ya mchana. Papa Bisimwa alilipakia mwenyewe, akiwa amesahau kuvaa viatu. Kisha alirudi mezani, hakula, akaongeza mstari mmoja kwenye programu: SI ZONE = 4 ALORS MOYEN. Alifanya jaribio. Jina la Ngomo likatoka kwenye karatasi.

“Imetengenezwa,” alisema.

Nilikaa nikiutazama mstari ule. Ulikuwa sahihi, na ulinitia hofu. Siku daktari atakapoandika 5, tutakuwa palepale, na hatutajua mpaka mtu mwingine aazime phonie na kuomba msamaha kwa kosa asilolifanya. Tatizo halikuwa programu hii. Lugha yenyewe ilimruhusu mtu kuuliza swali bila kusema chochote kuhusu yule ambaye jibu lake halipo. Basi nilichukua karatasi nikaandika pendekezo. Lilikuwa la ukurasa mmoja, na sehemu yake kubwa ilikuwa hii:

SELON ZONE
1 : PEU
2 : MOYEN
3 : BEAUCOUP
BAKI : …
FIN

SELON, “kufuatana na”, ingechukua nafasi ya SI zilizopangwa foleni, na FIN, “mwisho”, ingefunga orodha. Na BAKI ingekuwa lazima. Mtu akiandika sharti bila kusema wanaobaki wafanyiwe nini, Ruzizi ingekataa programu nzima, isifanye hata mstari wa kwanza.

Papa Bisimwa aliisoma amesimama, dalili mbaya.

“Hii BAKI iko lugha gani?”

“Iko yetu, Papa. Serikali inaimba authenticité kila siku, kwamba turudilie vya kwetu. Hata majina ya ubatizo tuliacha kanisani. Neno moja ya kwetu ndani ya mashine haiwezi kukasirisha mutu.”

Alitabasamu kidogo. Sababu yangu ya kweli ilikuwa nyingine: nilishaona macho ya wagawaji yakiteleza juu ya maneno ya Kifaransa kama juu ya sala ya Kilatini. Nilitaka neno moja liwasimamishe.

“Na mutu akikosa kuiandika?”

“Mashine inakataa kazi yote.”

Tabasamu likaisha. Alikaa, akaanza kunihesabia matatizo kwa penseli, na naomba mjue hayakuwa ya kipuuzi. Mashine ilikuwa imejaa. Kila sharti jipya lingekula octets, yaani nafasi ya kumbukumbu, ambayo hatukuwa nayo. Programu zote za zamani, kabati zima, zingekataliwa siku hiyohiyo mpaka ziandikwe upya. Na la tatu, lililoniuma kwa sababu lilikuwa na akili ndani yake:

“Mutu akikosa ya kuandika pale, ataandika RIEN, hakuna kitu, kazi iendelee. Utakuwa umepata nini?”

“Basi aandike RIEN na mukono yake mwenyewe, Papa. Akijua.”

“Mashine haiko padri, Nabintu. Haiwezi kuuliza kila mutu zambi zake.”

Alinirudishia karatasi. Nilikasirika, na sioni sababu ya kulipamba hilo. Nilirudi mezani nikanoa penseli mpaka ikabaki kipande cha kushika kwa kucha. Kwa majuma kadhaa tulisalimiana kwa Kifaransa tu, jambo ambalo kwetu Bukavu linatosha kuonyesha hali ya hewa.

Nilipopoa, nilimwendea asubuhi moja, phonie ikisikika ng’ambo ya ukuta.

“Papa, ni nani aliweka ile ‘bale sikuita’ ku phonie?”

“Ni mimi.”

“Juu ya sababu gani?”

Alisema kwamba zamani alikuwa anamaliza orodha na kuzima redio, ili kulinda betri. Siku moja mtawa wa posti mpya, ambayo haikuwa bado kwenye orodha, alingoja zamu yake ya kuitwa, na kando yake kulikuwa na mwanamke anayejifungua vibaya. Mtawa alikuwa na adabu. Hakutaka kuingilia wengine. Alingoja mpaka redio ikazimwa.

“Toka siku ile nikasema, mbele ya kuzima, tunaacha nafasi,” alimaliza.

“Na ndani ya Ruzizi, Papa, nafasi yao iko wapi?”

Ng’ambo ya ukuta Maman Mapendo alikuwa amefika kwenye ukimya wake.

“Phonie iko batu,” alisema. “Mashine iko octets.” Akainama kwenye karatasi zake, nami nikaondoka.

Kesho yake, nikiwa bado mlangoni navua kiatu cha pili, alinijia.

“BAKI yako itakula octets ngapi?”

Sijawahi kuambiwa neno tamu kuliko hilo kazini. Lakini alikuwa Papa Bisimwa, na ridhaa yake ilikuja na masharti. Programu za zamani ningeziandika upya mimi mwenyewe. Na kama mwisho wa kazi Ruzizi mpya haingeenea kwenye kumbukumbu ya mashine, tungerudi kwenye SI za zamani, na neno BAKI lisingetajwa tena ndani ya chumba kile. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi, kisha nikaenda kulitazama kabati nikajuta kidogo.

Sitawachosha na kazi yenyewe. Ilikuwa ya kufuta na kuandika, kila BAKI nikiiacha tupu ili mwenye programu aijaze, na umeme wa Ruzizi halisi, ule wa mtoni, ulikatika kila nilipopata mwendo. Nilifika mwisho, nikajaribu kuipakia, na mashine ikakataa: nafasi imekwisha. Ilikosekana kidogo tu, lakini kwenye mashine kidogo kilichokosekana ni sawa na chote. Nilipunguza majina ya masanduku, yaani mahali programu inapotunza namba zake, nikafupisha ujumbe wa makosa, bado ikakataa. Nikaanza kuwaza jinsi ya kumwambia Papa Bisimwa kwamba ameshinda. Kwenye phonie kulikuwa na Byamungu, ambaye sasa aliitwa kwa jina kila asubuhi, na kila nilipomsikia akijibu “Ngomo iko” nilijua kwamba yeye ameponea kwenye kiraka, na kiraka kile hakitaifaa posti itakayofuata.

Ndipo nikaiona salamu. Kila asubuhi mashine ilipoamka, kabla ya kazi yoyote, ilichapa ujumbe mrefu uliozungukwa na nyota, ukiwakaribisha wageni waheshimiwa na kuwatakia makao mema kati yetu. Papa Bisimwa aliuweka zamani kwa ajili ya msafara fulani wa wakubwa kutoka Kinshasa, na aliupenda, maana nyota zile zilimchukua muda kuzipanga. Wageni wenyewe walikaa kiasi cha soda moja. Hakuna aliyeusoma tangu hapo, isipokuwa sisi tuliochana karatasi yake na kuitupa. Nilihesabu nafasi yake. Ilitosha.

Nilimpelekea karatasi, nikaweka kidole juu ya nyota. Alielewa bila maelezo. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya abakosti.

“Toa,” alisema. “Bageni balisharudi kwabo.”

Siku ya kwanza ya Ruzizi mpya, wagawaji walioandika masharti yao kwa mtindo wa zamani walikataliwa mmoja baada ya mwingine. Kila programu ilikuwa na tundu. Kwenye chanjo, mtoto ambaye mama yake hajui umri wake hakuwa mahali popote. Kwenye usafiri, kijiji kinachofikiwa kwa miguu peke yake hakikuwa mahali popote. Mgawaji mmoja mzee alikuja mlangoni na karatasi zake, amevaa viatu, na ilibidi nimzuie kwa mkono.

“Maman, hii mashine yako imekuwa na maulizo kama mukwe,” alilalamika. “Inauliza mutu mwenye haiko.”

“Iko, Papa,” nilimjibu. “Ni sisi hatumuoni.”

Aliondoka akinung’unika, akarudi na BAKI zote zimejazwa. Baadhi alijaza RIEN, kama Papa Bisimwa alivyotabiri, na hata leo mtaziona RIEN kadhaa mkichimba vizuri. Lakini nyingi hazikuwa hivyo. Mtu akilazimishwa kuandika kwamba fulani asipewe kitu, kalamu huwa nzito.

Ya mwisho ilikuwa programu ya ugavi yenyewe, ile ya kwinini. Ilikuwa ya Papa Bisimwa, ya kwanza aliyoandika kwa lugha yake, na sikutaka kumjazia. Nilimwekea karatasi mezani yenye nafasi tupu baada ya BAKI. Alikaa nayo muda mrefu, penseli ikiwa imeinuliwa. Aliandika PEU, akafuta. Aliandika MOYEN, akafuta. Mtu ambaye hujui anaishi wapi, utajuaje wastani wake? Kifutio chake kilifanya kazi kuliko changu cha mwanzo. Mwishowe aliandika neno moja na kunirudishia:

BAKI : PHONIE

Maana yake ilikuwa nyepesi. Jina lolote ambalo mashine haikujua la kulifanyia, ilichapa peke yake kwenye karatasi ndogo, na karatasi hiyo tuliipitisha kwa Maman Mapendo, naye kesho yake asubuhi alimwita mwenye jina kwa sauti yake, kama alikuwa na phonie, na kama hakuwa nayo alimtuma Papa Zihindula asimame amuulize. Ndivyo tulivyofanya kwa miaka yote iliyobaki ya Zaïre, na hata baada ya mji kuporwa na mashine yetu kubebwa na watu ambao sijui walitarajia kupika nini nayo. Mnaposhangaa kwa nini kila lugha mpya tunayoletewa tunaiongezea mstari ule, ni kwa sababu hiyo.

Ningeishia hapo, lakini mwenye keki aliuliza, na jibu lina kipande kimoja zaidi.

Msimu wa mvua uliofuata, Byamungu alikuja Bukavu kwa mafunzo ya chanjo, akaomba kuiona mashine. Alikuwa kijana kuliko sauti yake, mwembamba, amevaa shati lililopigwa pasi lenye mikunjo ya sandukuni. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akavipanga sambamba. Papa Bisimwa alimpa mkono kwa mikono miwili, akamwachia kiti chake. Nilimtandazia programu ya kwinini, nikamwonyesha zoni ya nne, ya kwao. Aliifuata mistari kwa kidole mpaka chini, akafika kwenye BAKI. Nilimweleza. Alitikisa kichwa taratibu, akaridhika, nami nilijisikia fahari, nakiri.

“Na mbele ya hii,” aliuliza, “ile wakati yetu, hapa kulikuwa kumeandikwa nini?”

“Hakukuwa kitu, Papa.”

“Hata kitu moja?”

“Hata moja. Mashine ilifika kwa jina yenu, ikakosa mustari, ikaenda mbele.”

Kidole chake kilibaki palepale kwenye karatasi.

“Donc hakuna mutu alitukatalia.”

“Hakuna, Papa.”

Nilidhani habari hiyo ingemfariji. Papa Bisimwa, aliyekuwa amesimama kando ya pazia, alielewa kabla yangu, kwa maana aliinamisha kichwa. Byamungu alikunja karatasi kwa uangalifu, akanirudishia, akashukuru. Alikwenda mlangoni, akaketi kwenye benchi, akaanza kufunga kamba za viatu. Alifunga cha kwanza. Alipokishika cha pili aliinua macho akaniangalia, bila hasira yoyote, kama mtu anayeuliza njia.

“Na ile mawe, Maman,” alisema, “tulipaka chokaa juu ya kuonesha nani?”